Sinia ya Halwa

Ijumaa, Barka. Uwanja umemwagiwa maji
na vumbi bado halijakubali kulala.
Dau letu si pesa, ni sinia ya halwa ya zafarani,
ila shemeji yangu Sleyum huiweka moyoni kama mahari.

Kinyozi alisema: Kahramani, mbio ya nne.
Dereva wa lori la nyasi: Kahramani.
Hata muuza mishikaki, huku akipepea makaa:
"Kahramani, bwana. Wamemficha tu."

Watatu! Nikajiona nimeshika hakika.
Kisha nikauliza, kila mmoja: umeipata kwa nani?
Wa mishikaki kaipata kwa wa lori,
wa lori kwa kinyozi,
na kinyozi akanitazama ndani ya kioo, wembe mkononi:
"Si wewe, Jumanne, ulipokuja kunyolewa?"

Ni mimi. Niliropoka ili nisikae kimya.
Neno langu limezunguka mji,
limeota ndevu, limerudi,
nami nikaliamkia shikamoo.

Nikamwendea Dadkarimu, mpiga viatu vya farasi,
nguo zake zanuka kwato iliyoungua.
Sikumwuliza nani atashinda.
"Jana mkono wako umegusa nini?"
Akajipangusa, hakuwa na haraka.
"Kahramani, mguu wa mbele, wa kushoto. Una moto kidogo.
Zaidi ya hapo sijui."

Hilo "sijui" ndilo nililoliamini.

Sleyum yuko jukwaani, ananipungia kilemba.
Kamchagua Kahramani.
Mashahidi, anasema, anao wanne.