Tundu katika Waraka

Kwetu Transilvania, bondeni mwa mto Aranyos,
desturi ilikuwa kavu kama kisu mezani:
wana wafuate kanisa la baba,
mabinti wafuate la mama.
Kila Jumapili, tukifika darajani,
nyumba yetu ilichanika.
Dénes, pacha wangu, alishika kushoto na baba
kwa wasemao Mungu ni mmoja, wakaweka nukta.
Mimi na mama tulishika kulia
kwa wasemao Mungu ni mmoja, wakaweka mkato.

Supu tuliila pamoja.

Baba alikuwa mtengeneza ngozi; viganja vyake
vilinuka magome ya mwaloni hata usingizini.
"Nionyeshe," alisema akimega mkate,
"neno lenyewe, Utatu, limeandikwa wapi?
Na Mwana aliposali bustanini usiku ule,
alimwomba nani? Alijiomba?"
Mama hakuinua macho.
"Na Tomaso alipoligusa kovu, Boldizsár,
alimwita nani Mungu wake? Ukuta?"
Akagonga chungu chake cha chuma kwa mwiko:
"Miguu mitatu. Chungu kimoja."
"Orsolya, nimekula humo miaka kumi na tisa,
sijatafuna mguu hata siku moja."
Nilicheka mimi. Kofi likamwangukia Dénes.

Ukaja mwaka wa theluji nyingi.
Mwanafunzi wa Kolozsvár, aliyezuiwa na barafu,
alilala kwetu, akatuambia kwamba
ule mstari wa mashahidi watatu wa mbinguni
haumo katika nakala kongwe za Kiyunani.
Mkono fulani uliuandika pembezoni;
mkono mwingine, kwa bidii au kwa usingizi,
ukaukaribisha ndani.

Baba hakulala. Alfajiri tulimkuta
na kisu chake cha kuchunia manyoya
anauparura mstari ule, taratibu,
kama aparuravyo ngozi ya mwanakondoo.

Mama hakupiga kelele.
Alichemsha maganda ya jozi, akachonga unyoya wa bata,
akaurudisha herufi kwa herufi
kwa mwandiko wake wa kuhesabia mayai.

Kwaresima baba akaukwangua.
Pasaka mama akauandika.
Vuno la zabibu, akaukwangua.
Miaka sita.
Mezani sasa waliongea habari za chumvi tu,
na hilo ndilo lililonitisha.

Mpaka asubuhi moja kisu kikapita.

Tundu jembamba, refu kama kidole cha mtoto;
na maneno ya upande wa pili, yasiyo na kesi na mtu,
yakaondoka nalo.
Baba alisimama, kisu mkononi.
"Nimekitoboa kitabu."
Mama alifuta mikono kwenye aproni, akaja, akatazama.
"Tumekitoboa," akasema.

Nimesikia tangu hapo hotuba nyingi juu ya umoja,
za Kilatini na za Kihungari, na watu kufukuzwa mjini
kwa sababu ya silabi.
Sijasikia bado iliyofika
pale ilipofika ile *tu*.

Wamezikwa mbalimbali, yeye kilimani kwa watu wake,
mama bondeni kwa wake.
Dénes sasa ni mhubiri wa upande wa kushoto.
Huniletea barua zenye hoja kumi na moja, zenye namba,
nami humjibu kwa namba.
Ana nywele nyeupe, wananiambia. Sijaziona.

Jana nilikifungua kitabu karibu na dirisha.
Ukurasa ulikaa vizuri juu ya mwenzake,
na ndani ya tundu, kutoka waraka unaofuata,
yakachungulia maneno mawili, *karatasi*, *wino*:
pale mzee yule anaposema ana mengi ya kuandika
lakini hataki, atakuja mwenyewe,
waongee mdomo kwa mdomo.

Jibu langu kwa Dénes limeishia hoja ya nne.
Liko mezani, wino umeganda chupani.
Daraja lina utelezi, na chungu ni kizito
kuliko nilivyokikumbuka.