Ala ya Koplo Shaame

Kaziweka zote mbili juu ya meza yangu,
baina ya kopo la gundi na makubadhi ya bwana harusi.
"Bi Kazija, nambie kweli. Ipi?"
Bastola yenyewe hakuja nayo.
Imelala kituoni, kwenye kabati la chuma,
na ufunguo uko kwa mtu mwengine.

Ya kwanza ya ngozi. Ng'ombe huyu alichinjwa
kabla Shaame hajaota ndevu.
Mishono imeachia upande wa kiunoni,
pale jasho linapopita kila siku,
na ndani, kwenye kona isiyofikwa na kidole,
koga la kijani la masika ya mwaka jana.
Nikainusa: mafuta ya silaha,
na karafuu kidogo.
Zamu za magendo, asema. Usiku kucha
kuegemea magunia ya watu.

Ya pili ya plastiki. Nyeusi, skurubu tatu,
kitufe cha kidole cha shahada.
Shemeji yake kaileta kutoka Dubai.
Nikaigonga mezani: sauti ya bakuli tupu.
Hii haivimbi. Haili chumvi.
Ichovye baharini, ikung'ute, basi.
Ila ukikaa kwenye Vespa inakuuma nyonga,
na kila asubuhi akiipachika mkandani inasema *tak*,
na mwanawe wa miaka mine keshajua kuisema.
Anaisema msikitini.

Mie mtoto wa mshona makubadhi.
Baba akisema plastiki ni ngozi ya mnyama asiyezaliwa,
na siku aliyokufa
tulimvua ndara za plastiki miguuni.
Kwa hivyo sikujibu haraka.

Nikamuuliza: mvua inakukuta mara ngapi?
Akacheka. "Wete hii, Bi Kazija?"
Nikamuuliza: umewahi kuichomoa?
Hakucheka.
Alitazama nje. Mbuzi wa jirani alikuwa akila boksi.

"Mara moja," akasema. "Na ngozi ikanikatalia.
Ilikuwa imerowa, imevimba.
Nikavuta. Haikutoka.
Nikavuta tena, mpaka mkanda ukapanda mbavuni,
na ilipokubali, yule kijana
alishatupa panga, keshakaa chini, analia.
Siku hizi anauza urojo karibu na soko.
Huniongezea bajia."

Tukanyamaza, sote tukiitazama
ile ngozi iliyochelewa.

"Sasa wewe unataka itoke upesi," nikasema,
"au unataka isitoke?"
Akasema mkuu wake anataka itoke upesi.

Masika yanakuja. Uzi wangu utaoza tena,
koga litarudi, na chuma kitashika kutu ndani ya unyevu ule.
Hayo nnayajua, hayo nilimwambia.
"Chukua ya plastiki, Shaame."
Nilijibu kama fundi.
Kama mama wa mtu sikuulizwa.

Akaipachika mlangoni pangu. *Tak.*
Ya ngozi akaniachia: "Ifanye utakavyo."

Nimeisugua kwa siki, nikaianika kivulini,
nikaipaka nta, nikaushona upya ule ubavu
bila ya kulipwa na mtu.
Imetundikwa msumarini, pamoja na soli.
Wateja huuliza ni kitu gani, kisha hawaulizi tena,
maana umbo lake linajibu.

Jana niliona niitilie mkasi wangu.
Ukaingia nusu, ukakwama.
Mle ndani mna nafasi ya kitu kimoja tu,
na ngozi bado inamwekea.