Sare Arobaini na Moja

Honolulu, Desemba 1941

Jumapili hatufungui. Lakini wanga haujui Jumapili,
kwa hiyo nilikuwa nyuma, nakoroga sufuria,
mlango wa uani wazi, Haruo
akigombana na redio itoe muziki.

Mshindo wa kwanza nilidhani ni mazoezi.
Wa pili ukaangusha pasi.
Mume wangu alitoka na kandambili mguu mmoja,
akatazama juu, akanyamaza,
na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa
sijapata kumsikia akinyamaza vile.
Chini ya mbawa, duara jekundu.
Lilelile la kwenye kibweta alichonipa mama
nilipopanda meli kuja kuolewa
na mtu niliyemwona pichani tu.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Mimi ni dobi. Damu
hutoka kwa maji baridi na chumvi, ukiiwahi.
Ukiitia maji moto, umeikaribisha ikae.

Siku ile kila mtu alikuja na maji moto.

Wawili wenye kofia walifika alasiri.
Walimtaka Kanemoto, kwa kuwa Jumamosi
alifundisha watoto wa mtaa kuandika kwa brashi.
Aliomba avae viatu.
Walimruhusu, wakahesabu vidole vyake vikifunga kamba.

Haruo alikwenda hospitali kutoa damu.
Alipanga foleni saa nne.
Nesi alimtazama uso kwanza,
kisha, baada ya muda mrefu, mkono.

Nchi iliingia vitani Jumatatu, redioni,
kwa maneno ambayo sikuyafuata hadi mwisho.
Nilikuwa nahesabu.
Sare arobaini na moja, nyeupe, kila moja na namba yake kifuani.
Petrocelli, ninamdai senti sabini na tano.
Yule mrefu asiye na kope, aliyeniita Mama kwa makosa
na hakujisahihisha.
Lindqvist, namba kumi na saba, shingo ikimwasha:
kola yangu usiitie wanga, tafadhali.

Alhamisi akaja baharia na orodha. Alichukua tisa.
Zilizobaki hakuuliza ni za nani,
nami sikumwambia.

Masizi ya manowari bado yanapita dirishani.
Kila Ijumaa nazishusha zote, nafua, napiga pasi,
natundika kwa mpangilio uleule.
Kumi na saba siitii wanga.