Mikono Minne

Mchwa walianza na tembo.
Wakala mkonga, wakapanda mpaka kwenye ua,
na kufikia Novemba kalenda ya duka la Vrajlal
ilibaki tarehe tupu na kipande cha goti.
Mkewe, Kantaben, akamtuma mtoto Kamalondo:
mwite yule fundi anayechora mamba muntu.

Baba alikuja na kamba ya kupimia, kama fundi wa suti.
"Ana mikono mingapi?"
"Minne."
Hakucheka. Aliwahi kuchora treni ikiingia kanisani.
"Miwili ni bei ya kawaida," akasema.
"Hii ya ziada tutaongea."

Akatandaza gunia la unga juu ya meza yetu ya kulia,
akalipaka nyeupe mara mbili,
lakini herufi za kiwandani zilikataa kuzama.
Ukikaza macho, chini ya yungiyungi
utasoma KILO HAMSINI.

Kijani kilitoka kwa mjomba wa reli, rangi ya mabehewa;
nyekundu ilibaki mkebeni baada ya mlango wa parokia.
Ngozi alitakiwa aipake dhahabu.
Dhahabu aitoe wapi? Huku kwetu ni shaba.
Akakoroga vumbi la shaba kwenye mafuta,
na yule mungu wa Gujarati akatokea
na rangi ya waya uliomenywa sasa hivi.

Sura ndiyo iliyomshinda.
Sura ililiwa.
Mama alikuwa akisonga bukari, ametupa mgongo,
mdogo wangu amefungwa juu ya mgongo huo huo,
mguu mmoja umeizuia sufuria isicheze.
"Numbi, geuka."
"Nikigeuka itaungua."
"Kidogo tu."
Akageuka na hasira zake,
na hasira zikaingia pichani kabla hazijapoa.

Alipoiona alifanya ishara ya msalaba,
si kwa ajili ya uso, kwa ajili ya mikono.
Padri atasema nini?
Bibi hakuinua kichwa kwenye sombe aliyokuwa akiitwanga:
"Padri amewahi kusonga bukari?
Hiyo minne yenyewe haitoshi."

Kantaben aliitazama picha kwa muda mrefu.
Kisha akachovya kidole katika unga mwekundu
akampaka mama yangu kati ya nyusi.
Picha, nataka kusema. Akaipaka picha.
Akawasha utambi katika kibakuli cha udongo,
akaweka kipande cha sukari guru,
na tangu siku ile, kila jioni,
kulikuwa na mtu anayemwinamia mama yangu
saa ambayo mwenyewe yuko sokoni
akigombana juu ya gunia la makala lililojazwa majani.
Tulimwambia.
"Hiyo sukari," akasema, "wangeileta nyumbani."

Halafu zikaja siku za uporaji.
Walibeba vitenge, mizani, chumvi, milango,
wakabandua hata vigae vya sakafu.
Vrajlal na mkewe walipitia Kasumbalesa
na begi moja, na funguo za duka lisilo na mlango.

Picha niliiona baada ya miaka kumi, Katuba,
katika baa, juu ya kreti za chupa tupu.
Kuna mkono mwingine ulikuwa umepita:
yungiyungi limekuwa mkia wenye magamba,
nyoka begani, saa ya kike mkononi,
na mikono miwili imezamishwa katika bluu ya ziwa.
Mamba muntu kamili, wa kuleta wateja.
Makuta yanayomwagika kiganjani hawakuyagusa.
Hakuna anayefuta hela.

Lakini kwenye kifundo cha kushoto
lilikuwepo kovu la maharage ya Pasaka,
sufuria ilipopinduka, na mimi nikiwepo.
Na bluu ile ilikuwa nyembamba, rangi ya ubahili.
Mwenye baa alipowasha taa
niliiona mikono ya chini ya maji,
mmoja ukiwa umekamata shina la ua
vile vile unavyokamatwa mwiko.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Alikuwa akipepeta mchele.
Aliupepeta mpaka ukaisha,
akapuliza kumvi za mwisho,
ndipo akaniuliza:
"Bado nimekasirika?"