Kioo Juu ya Ufa

Nyumba yetu Mabatini iliegemea jiwe.
Jiwe liliegemea jiwe jingine,
na hilo la juu liliegemea nini, hakuna aliyeuliza.
Mama peke yake, kila masika,
alipaka udongo mweupe kwenye ufa wa nyuma ya jiko,
asubuhi akaugusa kwa kidole kama anayeonja uji.
Udongo ukiwa mzima, tulilala.
Mwaka ulipochanika tulilala kwa shangazi, Igoma,
majuma mawili, na majirani wakatucheka.

Leo niko mita sitini chini ya Misungwi:
kofia ngumu, taa, mtarimbo.
Nagonga dari. Ngii.
Nagonga tena. Ngii.
Hatua tatu mbele: bu.
Sauti ya debe tupu.
Hapo mwamba umekwisha achana na mwenzake,
unangoja tu tuwe wengi chini yake.

Lugwisha, mwenye duara, ananishika bega.
"Injinia, nguzo hii imejaa mali. Ona mshipa unavyong'aa!
Tuichune ubavu kidogo tu, tuweke matimba."
Nampigia hesabu kwa chaki, ukutani:
ukipunguza kiuno cha nguzo
mzigo haupungui.
Mzigo haujui bei ya dhahabu.
Na matimba ni miti; mti hulia kabla ya kuvunjika,
kazi yake kubwa ni hiyo, kukwambia kimbia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Hawakuwahi kushuka huku.
Huku ufa hauzibwi, unasikilizwa.
Nimebandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji,
nikaandika tarehe.
Kioo hakijui kupinda. Hakipokei bahasha.

Alhamisi kimekatika,
mstari mwembamba kama unywele wa mtoto.
Nimefunga njia kwa kamba nyekundu, nimewatoa watu kumi na tisa,
na Lugwisha ananihesabia hasara hadharani, siku kwa siku,
mbele ya Holo mama lishe na sufuria yake ya sato.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Hakijaanguka kitu.

Sayi, kijana wa winchi, ameniuliza,
"Na lisipoanguka?"
Nikamwambia kule Mabatini jiwe lile bado lipo,
limekalia jiwe,
na mimi nipo.
Ameelewa au hakuelewa; amekwenda kula.

Nimeshuka peke yangu hadi kwenye kamba.
Nimebandika kioo kipya.
Nimeandika tarehe.