Nahesabu Hadi Nyumbani

Swali lilikuwa jepesi: Unakaa wapi?
Jibu nililijua kama ninavyoujua mlango wangu,
bawaba yake ya juu inayolia ukiisukuma kwa pupa.
Nikafungua mdomo. Likatoka: "Jumatano."

Teodosia hakucheka. Alichomeka kalamu kwenye nywele,
akaniuliza tena, taratibu,
kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari.
"Jumatano," nikasema, na machozi ya hasira.
Kiharusi kilipopita kwangu
kilikusanya majina, kikaviacha vitu vyenyewe.

Mwanatumu alikuwa keshajifunza.
Nyumbani Jumatano ni chumvi,
shemeji ni kijiko,
na yeye mwenyewe, mke wangu wa miaka thelathini na moja,
nilimwita Pampu.
Aliitika. Sijui kama alisamehe au alichoka.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli. Ni fundi baiskeli.
Mkono wangu wa kulia, uliokuwa ukiisikia ringi iliyopinda
kabla jicho halijaiona,
ulining'inia begani kama koti la mtu mwingine,
kaniambia nimshikie kidogo, hajarudi.

Kibanga ndiye aliyeukaribisha tena mwilini.
Chumba chake zamani kilikuwa stoo:
mabomba mawili ya kushikilia, kioo chenye ufa,
na ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote.
Panda. Simama. Geuka. Shuka.
Wiki sita nilipanda ngazi zile
na kila mara nilifika hewani.

Akanipa vibanio vya nguo. Vikaniponyoka.
Akanipa shati, nifunge vifungo. Nikamtukana,
na matusi, ajabu, yalitoka safi,
hakuna hata moja lililopotea.
Alhamisi yake akaja na mnyororo wa baiskeli
umefungwa kwenye gazeti, umejaa grisi,
akautua mapajani mwangu, akaenda zake
kwa mtoto wa magongo aliyekuwa akilia pembeni.
Kidole gumba kilikumbuka kabla yangu.

Hesabu aliigundua Teodosia.
Ukiniambia sema tatu, siwezi.
Lakini nikianza na moja, mbili inafuata,
tatu haikatai,
zinakuja zimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara.
Akaisogeza meza kando. "Basi twende kwa miguu," akasema.
"Tuanzie Barabara ya Kwanza."

Ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu, penye kinyozi.
Ya nne, ya tano. Ya sita nikajikwaa,
tukarudi mwanzo, hakulalamika.
Ngamiani yote ilipita mdomoni mwangu,
mitaro yake, mabati yake, harufu ya maandazi,
ya tisa, ya kumi. "Na?"

Ya kumi na moja.

Nikanyamaza. Nyumba ilikuwa pale, juu ya ulimi,
na bawaba yake.
Mwanatumu, kwenye benchi la mlangoni,
akainama kutafuta mkobani
kitu ambacho hakikuwamo.

Siku hizi chumvi naiita chumvi.
Yeye ndiye hataki kuacha:
"Jumatano imezidi leo," anasema, na anakula.

Jana nilitoka peke yangu, mimi na fimbo.
Kijana wa bodaboda akauliza: "Mshua, wapi?"
Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.
Gumba likagusa cha shahada, likagusa cha kati,
likaenda hadi cha mwisho, likarudi,
barabara kwa barabara, kimyakimya.
Kijana alikuwa akiangalia simu, hakuona safari yote ile.
"Kumi na moja," nikasema.

"Buku mbili."

Bei ya mgeni. Nilijua, naye alijua.
Ila kubishana bei, Teodosia kasema,
ni somo la Jumanne ijayo.
Nikapanda. Mguu mbaya ulichelewa, ukaja.