Siku ya Tisini na Tatu

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi,
chumba cha nyuma cha kanisa, Tabata Kimanga,
wanaume kumi na mmoja na chupa moja ya chai.
Gwamaka akasimama: mwaka wa pili huu
hajanyanyua mkono juu ya mtu nyumbani kwake.
Tukasema amina.
Zebedayo, muuza mabomba wa Gerezani,
akasimama: alirudisha laki mbili alizozidishiwa,
akalala usingizi wa mtoto mchanga.
Amina, safari hii kwa makofi.

Nikasimama na mimi.
Ndugu zangu, siku tisini bila mkeka.
Sijaweka hata mia tano.
Timu zinacheza, mimi nakunja nguo.
Walipiga makofi hadi vikombe vikalia.
Barnaba akanikumbatia, jasho lake shavuni mwangu,
akaninong'oneza, "Na Aikande, anasemaje?"

Hapo chai ikanipalia.

Kumbe Ushindi ana kaka mkubwa.
Ukimkaribisha mdogo nyumbani
lazima na mkubwa apewe kiti.
Wale kanisani walinishangilia kwa kutoka shimoni;
Aikande hajui kama kulikuwa na shimo.
Yeye anawajua vibaka wa Msimbazi,
wale niliowatunga mwenyewe,
nikawapa pikipiki, mmoja nikampa na kovu,
ili ada ya Julai ipate mwizi asiye mimi.
Alimwombea yule wa kovu. Kwa jina la "kijana yule".
Kisha akauza cherehani.

Siku tatu nilibeba ushuhuda wangu
kama yai bichi kwenye mfuko wa shati.

Jumanne, saa nane za usiku, maji yakatoka.
Mtaani kwetu maji ni mgeni wa usiku,
anayemtaka huamka kumpokea.
Yeye kashika mpira, mimi madumu,
tochi ya simu imeegemea nondo za dirisha.
Nikasema, dumu la tatu likiwa nusu.
Nilianza na tisini na tatu,
nikidhani namba itanikinga.

Hakupiga makofi.
"Na yule mwenye kovu?"
Nikasema, hakuwepo.
Dumu likajaa, likafurika, miguu yetu ikalowa,
na kwetu maji hayamwagwi.
Hakuuondoa mpira.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake,
nimekariri hadi mstari wa Zaburi.
Akasema, "Leta lingine."
Nikaleta. Tukajaza yote, na masufuria,
na beseni la kumwogeshea mtoto
ambaye sasa ana miaka kumi na miwili.
Sijawahi kufanya kazi kimya namna ile
na mtu ninayemjua jina.

Alfajiri akanyoosha kiganja.
"Simu. Na namba ya siri."
Nikamtajia. Akauliza ni tarehe ya nini.
Ya siku niliyoshinda mara ya kwanza,
laki nane na nusu, nikakununulia vitenge.
Akanipa mgongo, akabonyeza muda mrefu.
Simu iliporudi ilikuwa na namba nyingine.
Hakunitajia.

Jumamosi watauliza, na nitasimama.
Sijui nitaanzia wapi.
Pengine niseme bado analala ameelekea ukutani,
kwamba nimeulizia cherehani ya mtumba
na bei yake ni miezi mitano ya kukunja nguo,
kwamba vile vitenge sijaviona kambani tangu siku hiyo,
kwamba siku ya tisini na nne nilifika dukani
kununua chumvi ya jero,
nikalazimika kurudi nyumbani
kumwomba anifungulie hela yangu mwenyewe.

Akafungua, ameikinga simu kwa kiganja
kama mwanafunzi anayeficha jibu.
Akacheka kidogo.
Kidogo tu. Puani.